Mwambie mdogo wako asisaini kwanza

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai mama anaendelea vizuri na lile goti, na shemeji amesharudi salama. Huku sote wazima, tunamshukuru Mungu. Najua nimekaa kimya muda mrefu, lawama zako nitazipokea siku nyingine, maana ujumbe wako wa jana usiku umenifanya niache kila kitu nikuandikie.

Umesema mdogo wako kapata klabu mpya, nchi ya tatu sasa, na kwamba wamemtumia mkataba ausaini Ijumaa, kisha asafiri akafanyiwe vipimo vya afya, na akifaulu vipimo ndipo mkataba uanze kazi. Hongera sana kwake, na kwa mzee pia, maana najua furaha aliyonayo. Lakini hilo la mwisho limeninyima usingizi. Tafadhali mpigie leo, mwambie asisaini kwanza.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 18, zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea matokeo ya vipimo vya afya wala kupatikana kwa kibali cha kazi. Klabu inatakiwa impime mchezaji kwanza, ijiridhishe, ndipo karatasi zisainiwe. Inayoweka kipengele kama hicho, ama haina mwanasheria anayeujua mpira, ama inakijua vizuri na inajiwekea mlango wa kutokea. Wakala wake atakwambia kwamba kipengele ni batili, kwa hiyo mkataba utasimama tu. Ni kweli, akienda kwenye chombo cha FIFA cha kutatua migogoro ana nafasi nzuri ya kushinda, na mchezaji halipishwi ada ya kesi. Ila kesi inachukua miezi na dirisha la usajili halimsubiri. Klabu ikimwambia Januari kwamba enka yake haijawaridhisha, atabaki na karatasi mkononi, hana leseni ya kucheza, na kule alikotoka nafasi yake ishajazwa. Beki wa miaka 22 kukosa nusu msimu si jambo dogo.

Utaratibu ulionyooka ni huu. Mkataba wake wa Uswidi unaisha Desemba, kwa hiyo yuko ndani ya miezi 6 ya mwisho na ana ruhusa ya kusaini kwingine bila ada ya uhamisho. Hata hivyo, klabu mpya inapaswa kuiandikia klabu yake ya sasa kabla ya kuanza mazungumzo. Muulize kama barua hiyo ilikwenda, na aombe nakala. Baada ya hapo ndipo aende kupimwa, mkataba wa sasa ukiwa bado hai. Majibu yakitoka, wasaini pande zote mbili, kila ukurasa, na aondoke na nakala yenye sahihi zote, si picha ya simu ya ukurasa wa mwisho. Kisha klabu inaingiza taarifa kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho, na chama cha mpira cha nchi mpya kinaomba ITC, yaani cheti cha kimataifa cha uhamisho, kutoka chama cha Uswidi. ITC isipofika anaweza kufanya mazoezi tu, mechi rasmi haruhusiwi hata dakika moja.

Kuhusu vipimo vyenyewe, asiviogope, ila navyo vina namna yake. Watapima moyo, kwa umeme na kwa picha, akiwa amelala na akiwa anakimbia. Hapo asikubali mkato wowote. Davide Astori, beki na nahodha wa Fiorentina, alifariki usingizini kwa tatizo la moyo Machi 2018 akiwa na miaka 31. Watapiga picha za MRI za magoti, enka na nyonga, na watalinganisha nguvu za nyama za mbele na za nyuma ya paja, mguu kwa mguu. Kwa beki wa kati anayeruka kupiga vichwa na kutua kwa mguu mmoja mwaka mzima, karibu kila picha itaonyesha alama fulani. Ndiyo maana nataka aende na faili lake lote: picha za zamani, tarehe ya kila jeraha, siku alizokaa nje, jina la daktari aliyemtibu. Daktari mgeni akiona alama isiyo na historia, anaandika tahadhari. Akiona alama ileile ya miaka mitatu iliyopita ambayo haijasogea, anaipita. Kifua nacho wakipime. Thiago Silva, beki wa Brazil, alipokuwa Dynamo Moscow mwaka 2005 aligundulika ana kifua kikuu, akalazwa kwa miezi. Alipona, akarudi Fluminense 2006, baadaye Milan, PSG na Chelsea, na 2021 akabeba Ligi ya Mabingwa akiwa na miaka 36. Kijana mwenye mkataba wa masharti kama wa mdogo wako angeugulia kwa gharama ya nani?

Tuseme vipimo viko sawa na kipengele kimefutwa. Bado sijatulia, na hapa naomba umsomee hii sehemu polepole.

Straika akihama nchi anaweza kuingia dakika ya 70, mpira mmoja ukamkuta mguuni, akafunga, na wiki inayofuata anaanza. Beki wa kati hana bahati hiyo. Kazi yake inafanywa na watu wanne au watano wanaosogea pamoja, na anayechelewa hatua moja ndiye anayeharibu mtego wa kuotea wa wenzake wote. Mpinzani mwenye mpira akibanwa na kuinamisha kichwa, safu inapanda. Akiinua kichwa na hakuna aliye karibu naye, safu inaanza kushuka kabla hajapiga. Hilo kila beki analijua, tatizo ni kwamba kila kocha ana urefu wake. Mmoja anataka safu ikae karibu na mstari wa katikati, mwingine hataki itoke mbali na boksi. Aliyezoea kukaa chini akipelekwa kwa kocha anayepanda, wiki za mwanzo ataonekana mzito hata kama mbio anazo. Mtazame alivyosimama: mabega yote mawili yamemkabili mwenye mpira, visigino viko chini. Mpira ukipigwa nyuma yake lazima ageuke mwili mzima ndipo aanze kukimbia, na straika kishampita mita mbili. Anayeijua safu ya juu anasimama upande, mguu mmoja nyuma, nyonga imefunguka kuelekea lango lake, macho yakizunguka kati ya mpira na mtu. Kubadilisha hilo kunataka mechi, mfululizo, na beki yuleyule pembeni yake. Kwa hiyo kila anapohama nchi analipa gharama ambayo mshambuliaji hailipi.

Angalia mabeki waliofika mbali. Van Dijk alitoka Groningen akaenda Celtic 2013, Southampton 2015, Liverpool Januari 2018. Kila kituo alikaa akacheza vya kutosha ndipo akapanda. Koulibaly alitoka Metz kwenda Genk 2012, Napoli 2014, na pale Napoli akakaa hadi 2022 kabla ya Chelsea na Al Hilal. Wapo waliozunguka zaidi, kama Rigobert Song aliyecheza Ufaransa, Italia, Uingereza, Ujerumani na Uturuki, lakini Song alikuwa kwenye timu ya taifa ya Cameroon tangu kijana mdogo, mechi hazikuwahi kumpungukia. Mdogo wako bado hana mto huo wa kuegemea.

Na yeye ana mtaji ambao wengi hawana, ule mguu wa kushoto. Beki wa kati wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto anapokea mpira kwa kipa na mguu wake tayari uko upande wa mstari, anaweza kumpa winga pasi iliyonyooka bila kugeuka. Wa mguu wa kulia hapo analazimika kurudi ndani, kwa straika anayemsubiri. Tangu 2019, sheria iliporuhusu goli kiki ipokelewe ndani ya boksi, timu nyingi zinaanzia mashambulizi pale pale langoni, na watu wa mguu huo wanatafutwa sana. Asijiuze kwa haraka. Amuulize kocha mwenyewe, si mkurugenzi: wanacheza mabeki watatu au wanne? Kona wanakaba mtu au eneo? Nani anacheza kushoto sasa hivi na mkataba wake unaisha lini? Kama aliyepo ni nahodha mwenye mguu huohuo na ana miaka miwili mbele, basi wanamnunua akae benchi. Akienda, wiki ya kwanza ajifunze maneno machache tu ya lugha yao: panda, shuka, mtu nyuma, yangu, muda unao. Hotuba atajifunza baadaye. Beki asiyepiga kelele hapangwi.

Sasa mshahara, najua mzee ameupenda. Muulize ni kabla ya kodi au ni wa mkononi, maana tofauti yake kwenye nchi nyingine inakaribia nusu. Unalipwa kwa sarafu gani, na tarehe ngapi? Fedha za kusaini zinatoka mara moja au zimegawanywa hadi mwisho wa mkataba? Mkataba wa lugha mbili, ipi inatawala zikipingana? Kuna kipengele cha klabu kuongeza mwaka mmoja ikitaka yenyewe, bila yeye kuulizwa? Hicho apinge, au kiambatane na nyongeza ya mshahara. Bonasi ya mechi ihesabiwe kwa mechi alizoanza na kwa mechi ambazo timu haikufungwa, akiwa uwanjani angalau dakika 45. Ile ya mabao haimsaidii beki. Na kikiwepo kipengele cha "akifikisha mechi 20", ajue zipo klabu zinazomweka benchi mchezaji akifika 19. Bora kigawanywe: 5, 10, 15, kila hatua na kiasi chake.

Wakichelewesha mshahara asinyamaze na asikimbie. Wakidaiwa angalau miezi miwili, anaandika barua ya madai, anawapa siku 15 zisizopungua walipe, na wasipolipa ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Barua iwe ya barua pepe yenye tarehe, kwenda anwani iliyoandikwa kwenye mkataba. Ujumbe wa sauti kwa meneja hauhesabiki. Madai yasikae zaidi ya miaka 2, yakizidi hapo FIFA haiyapokei.

Jambo jingine dogo, la kule kupelekwa kwa mkopo klabu nyingine Julai. Kwa msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu tatu, lakini acheze mechi rasmi kwa mbili tu. Yeye ameshazichezea mbili. Anaokolewa na tofauti ya misimu, kwa kuwa ligi ya Uswidi inaanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kumalizika Novemba, na huko aendako inaanza Agosti. Hali hiyo inaruhusiwa, ila klabu mpya iiangalie kwa maandishi sasa, isije ikagundua Februari. Na mwili wake utaunganisha misimu miwili bila mapumziko, kwa hiyo aombe wiki mbili kamili za kupumzika Desemba kabla ya mazoezi yao. Nyama za paja za nyuma zinachanika hasa kwa mtu aliyechoka.

Bado narudi kwenye kile kipengele cha vipimo. Kama klabu inamtaka kweli, kukifuta ni mstari mmoja wa mwanasheria, kazi ya dakika kumi. Wakikataa kukifuta, hapo utakuwa umejua nia yao kabla ya Ijumaa.

Naomba majibu haraka. Huyu wakala ni yuleyule wa zamani au ni mpya, na umeangalia kama ana leseni ya FIFA? Mkataba wake wa uwakilishi una muda gani, maana haupaswi kuzidi miaka 2? Klabu ya Uswidi nayo imempa ofa ya kubaki? Faili la enka iliyoumia mwaka juzi liko kwa nani, kwake au kwa daktari wa klabu ya kwanza? Zile timu zilizomlea tangu ana miaka 12, tarehe zake kwenye pasi yake ya mchezaji, ile rekodi ya klabu zote alizosajiliwa, ziko sahihi? Yuko chini ya miaka 23 na anahama nchi, fidia ya mafunzo safari hii inaweza kuidai klabu anayoiacha tu, ila timu hizo zinaweza kuwa na haki ya mgawo wa mshikamano siku akiuzwa kwa ada, na tarehe zikikosewa zinaweza kukosa. Kocha wake wa kwanza ameambiwa? Na yeye mwenyewe kijana anataka nini, au tunaongea sisi tu?

Nitumie kurasa zote za mkataba usiku huu, hata zile zenye maandishi madogo. Nitakuwa macho.

Msalimie mama na wote nyumbani.

Nduguyo