Msiunge sinthesaiza ya kujiundia moja kwa moja kwenye betri ya sola

Mhariri,

Tunaomba nafasi tupinge ushauri mmoja unaozunguka kati ya vijana wa Tabora wanaopenda muziki na ufundi: kwamba seti ya kuunda sinthesaiza (chombo cha muziki kinachotoa milio kwa umeme) iliyoandikwa "volti 9 hadi 12" unaweza kuiunga moja kwa moja kwenye betri ya sola, maadamu betri hiyo ni ya volti 12. Volti 12 ni jina lake tu. Alfajiri inaweza kusoma 12.2, na saa nane mchana chaji ikiwa imekolea inafika 14.4. Chipu ya kukuza sauti inayokutwa kwenye seti nyingi ndogo, LM386, imepangiwa volti 4 hadi 12, na ile ya kawaida haivumilii kupita 15. Ukiiendesha mchana kutwa kwenye 14.4 na spika ikilia, inachemka. Na kama kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji kidogo) za kwenye seti zimeandikwa 10V ubavuni, hizo ndizo zitakazovimba kwanza.

Dawa yake ni regyuleta ya 7809, kipuri kinachoshikilia volti zisipande, kati ya betri na bodi. Itazame upande wenye maandishi, miguu ikiwa chini: kushoto umeme unaingia, katikati ni hasi, kulia zinatoka volti 9. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 kwenye mguu wa kuingilia na ya 0.1 kwenye mguu wa kutokea, zote zikishuka kwenye hasi, tena karibu kabisa na miguu. Kabla ya regyuleta pitisha waya wa chanya kwenye dayodi ya 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake ukielekea regyuleta, ili siku mtu akigeuza waya pasiungue kitu. Dayodi itakula karibu volti 0.7, na 7809 inataka kuingiziwa walau 11. Kwa hiyo betri ikishuka chini ya 11.7 mlio utaanza kuyumba. Ikifika hapo betri yenyewe imeshachoka, iacheni ipate chaji. Msisahau fyuzi ya miliampia 500 kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Betri ya sola ikipigwa shoti inatoa mkondo wa kutosha kuyeyusha waya ukiwa mkononi mwako.

Asiye na sola atumie betri 6 za saizi AA kwa mfululizo. Ile betri ya mraba ya volti 9 inafaa kwa kujaribia tu, maana spika inaimaliza upesi.

Kuna seti za aina nyingine kabisa, zenye chipu kama TL072, zinazotaka chanya 12 na hasi 12 kwa pamoja. Hizo betri moja haiziendeshi hata ukiweka regyuleta gani. Zinataka betri mbili kwa mfululizo, na pale zinapokutana ndipo panakuwa sifuri ya sakiti. Waya wake bapa una ukingo mwekundu, na kwa kawaida mwekundu huo ni hasi 12, si chanya kama ulivyozoea kwenye redio. Wengi huunguza hapo. Anayeanza aziache kwanza.

Kwa anayeanza tunashauri seti ya chipu mbili: CD40106 na LM386. Ya kwanza ina vigeuzi 6 ndani yake, na kila kimoja ukikipa rezista (kipuri kinachozuia mkondo) kutoka tokeo kurudi ingizo, na kapasita kutoka ingizo kwenda hasi, kinaanza kulia chenyewe, yaani kinakuwa osileta. Tumia vinne. Ingizo na tokeo ni miguu 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 9 na 8. Chanya ni mguu wa 14, hasi ni wa 7. Viwili vilivyobaki havilii, lakini maingizo yake, mguu wa 11 na wa 13, lazima yaungwe kwenye hasi. Yakiachwa yananing'inia yanaokota mvumo wa nyaya za ukutani, chipu inapata joto, na utatafuta kosa mahali pasipo na kosa. Miguu ya 10 na 12 iacheni wazi.

Kila osileta ipate potenshiometa (ile mafundi huiita voliumu) ya mega-omu 1, ikifuatana na rezista ya kilo-omu 10 ili isije ikafika sifuri. Kapasita ya nanofaradi 100 itakupa takriban mizunguko 12 hadi 1,200 kwa sekunde: upande wa chini ni kama ngoma inayodonoa, upande wa juu ni filimbi. Ya nanofaradi 10 inapandisha yote mara kumi, ya mikrofaradi 1 inashusha mara kumi na kufaa kwa mapigo ya polepole. Maandishi yake ni 104, 103 na 105. Potenshiometa yenye herufi B itafanya milio yote ya juu ijazane mwishoni mwa mzunguko, kidole kinashindwa kuichagua. Yenye herufi C ni bora zaidi. Ukikosa C, chukua A uiunge kinyume, kulia ikishusha mlio badala ya kuupandisha.

Mji uliotoa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz una masikio makali, kwa hiyo tuseme mapema: chombo hiki hakishiki sauti moja na gitaa. Volti ikibadilika kidogo mlio nao unahama, na chipu mbili za namba ileile hazilii sawasawa. Ni cha midundo, milio ya ajabu na kujifunzia.

Pale milio inapochanganywa ndipo michoro mingi inapokosea. Mlio wa 40106 unaruka volti 9 kamili, ilhali ingizo la LM386 halitakiwi kuzidi volti 0.4 kwenda juu wala kwenda chini. Pitisheni kila osileta kwenye rezista ya kilo-omu 100, zote nne zikutane, kisha hapo pa kukutania shusheni rezista ya kilo-omu 1 kwenye hasi. Zikilia zote pamoja unapata takriban 0.35. Kutoka hapo kapasita ya mikrofaradi 1, potenshiometa ya kilo-omu 10 ya sauti, kisha mguu wa 3 wa LM386. Mguu wa 2 na wa 4 kwenye hasi, wa 6 kwenye chanya, wa 5 unatoa sauti kupitia kapasita ya mikrofaradi 220 hadi kwenye spika. Toka mguu huohuo wa 5 shusha pia rezista ya omu 10 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 47 kwenye hasi, la sivyo chipu inaweza kulia yenyewe kwa mlio usiousikia huku ikichemka. Spika iwe ya omu 8. Kwenye mita itasoma 6 au 7. Ya sabufa mara nyingi ni omu 4, nayo inasoma 3 na kitu. Hiyo hapana.

Mlio ukitetemeka kila spika inapoongeza nguvu, umeme wa 40106 unavutwa. Ilishe kupitia rezista ya omu 100, na baada yake weka mikrofaradi 100 kwenda hasi. Kwa LM386 weka mikrofaradi 470. Kila chipu iwe na nanofaradi 100 pembeni yake.

Dukani mtauziwa "inayofanana". 74HC14 ina miguu ileile lakini mwisho wake ni volti 6. Kwa 9 inakufa. CD4069 nayo miguu inalingana na haitaungua, ila haitalia kwa sakiti hii, kwa sababu haina viwango viwili tofauti vya kuwaka na kuzima. Isomeni namba yote mgongoni.

Rezista zipimeni kwa mita moja moja kabla ya kuzilehemu, mzipange kwenye trei la mayai. Zenye mistari mitano, minne ya kwanza ya kilo-omu 10 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu. Ya kilo-omu 100 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, chungwa. Nyekundu na chungwa ni ndugu chini ya taa ya njano.

Chuma cha kulehemu kiwe cha wati 25 hadi 40. Cha wati 100, au kile kinachopashwa kwenye jiko la mkaa, ni cha kuzibia bati. Kwenye bodi kinabandua njia za shaba. Risasi ya kulehemea iwe ya 60/40 (mchanganyiko wa bati na risasi) yenye ulimbo ndani, unene milimita 0.8. Asidi ya mafundi bati isikaribie, inaendelea kula shaba miezi mingi baada ya kazi. Pasha mguu na shaba kwa pamoja sekunde 2 au 3, risasi iguse kiungo, siyo ncha ya chuma. Kiungo kizuri kimelala kama mteremko wa kichuguu. Kikikaa kama punje ya mtama, pasha tena. Anza na vipuri vifupi, rezista na dayodi, kisha soketi, kapasita, mwisho potenshiometa. Fungueni madirisha, na mnawe mikono kabla ya kula kwa kuwa waya huo wa kulehemea una madini ya risasi.

Chipu ndizo za mwisho kuingia, na kabla yake pimeni. Umeme ukiwa umezimwa, mita kati ya chanya na hasi isisome karibu na sifuri. Washa bila chipu: soketi ya 40106, mguu wa 14 dhidi ya wa 7, na soketi ya LM386, wa 6 dhidi ya wa 4, zote zisome karibu 9. Zima, ingiza LM386, washa: mguu wa 5 usome nusu, 4.5 hivi. Zima, ingiza 40106. Miezi ya kiangazi hewa ya Tabora ikiwa kavu, gusa kwanza chuma kilichoungwa ardhini, maana umeme wa blanketi la nailoni unatosha kuiua. Ukiwasha, mguu wa 2, 4, 6 na 8 kila mmoja usome kama nusu ya umeme, kwa kuwa mita inatoa wastani wa kupanda na kushuka. Ule wa mikrofaradi 1 namba zitachezacheza. Mguu ukisoma 9 au sifuri tuli, osileta hiyo imelala: angalia rezista ya kurudisha na viungo vyake.

Ombi letu kwa gazeti ni dogo. Mnapochapisha habari za seti hizi kwenye ukurasa wa teknolojia, pamoja na picha wekeni namba kamili za chipu, thamani za rezista na kapasita, na volti halisi zinazotakiwa. Kijana wa Urambo au Sikonge anayeagiza kipuri kimoja Kariakoo kije kwa basi hawezi kukiagiza kwa kutazama picha ya bodi.

Mafundi wa redio na vyombo vya muziki,
Isevya, Tabora