Kabla hujabadilisha gitaa, angalia pikapu imekaa wapi

Mhariri,

Pole na kazi. Mimi msomaji wako wa siku nyingi hapa Dodoma, ni fundi wa vyombo vya muziki, magitaa hasa, kibanda changu kiko Chang'ombe. Nimeshika kalamu kwa sababu ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba magitaa ya kwaya na bendi zetu siku hizi yanachoma masikio, nyuzi nyembamba zinakwaruza kama kisu kwenye sahani ya bati na zile nene zinavuma tu bila kusikia noti, akamalizia kwa kusema vijana hawajui kupiga. Kwenye kelele namuunga mkono. Kwenye vijana hapana, hapo amewaonea.

Maana mimi mwenyewe niliwahi kulaumu vidole vyangu miaka. Gitaa langu la kwanza la umeme nilinunua kwenye duka moja Dar, nikalipakia kwenye basi nalipakata kama mtoto, kufika Dodoma nalichomeka kwenye amplifaya uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, unatoa mngurumo tu na uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, unachoma. Nikampigia muuzaji akaniambia badilisha nyuzi. Nikabadilisha, seti tatu kwa miezi miwili, hakuna kitu. Hakuna mtu aliyeniambia niangalie pikapu.

Kwa wasiojua, pikapu ni ile sehemu iliyo chini ya nyuzi, ndani yake kuna sumaku na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele umezungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unazalisha umeme kidogo kwenye ule waya, umeme huo ndio unaenda kwenye amplifaya. Ndio maana ukifunga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme unapata kimya. Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba pikapu haisikii uzi mzima, inasikia kile kipande kidogo tu kilicho juu yake, na uzi hautikisiki sawasawa kila mahali. Karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, uzi unacheza kidogo sana, kwahiyo unapata sauti kali nyembamba, ukisogea kuelekea shingo unacheza sana, sauti inakuwa nene na ya joto.

Mwaka jana nikaamua nijionee mwenyewe. Nilikuwa na gitaa bovu la plaiwudi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, nikachukua patasi nikachimba mfereji kuanzia kwenye daraja mpaka shingoni, nikaomba vipande viwili vya aluminiamu kwa fundi wa madirisha jirani yangu nikavifanya reli, pikapu ikawa inateleza juu yake chini ya nyuzi, na pembeni nikagundisha rula. Siku ya kwanza nilikaa pale mpaka usiku sijala.

Kuna jambo moja nataka kila mpiga gitaa alijaribu. Gitaa lile urefu wa uzi kutoka daraja mpaka nati ya juu, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo, ni sentimita 64.8, kama magitaa mengi ya mtindo wa Stratocaster, gitaa la umeme la Fender wa Marekani. Gusa uzi wa sita kwa kidole juu kabisa ya freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyolazwa kwenye shingo), usibonyeze, gusa tu, upige kisha utoe kidole, utasikia sauti ya kengele ya juu, wapigaji wanaiita hamoniki. Nikateleza pikapu taratibu huku narudia kupiga ile kengele, sentimita 10, 12, 14, sauti inapungua, kufika 16 na milimita mbili ikafa kabisa kwenye spika! Nikaweka sikio kwenye mbao, kengele inalia kama kawaida. Amplifaya kimya. Nikasogeza sentimita tatu mbele ikarudi.

Sababu yake ni kwamba 16.2 ni robo kamili ya 64.8, na kengele ile ya freti ya 5 inagawa uzi vipande vinne, kwenye maungio ya vipande uzi unatulia, na pikapu yangu ilikuwa imekaa juu ya ungio. Papo hapo ukipiga kengele ya freti ya 12 inatoka kwa nguvu kuliko sehemu yoyote, maana hiyo inagawa uzi mara mbili na pale kwenye robo ndipo inapocheza zaidi. Na usidhani basi kuna sehemu moja bora, ukibonyeza freti ya 12 uzi unabaki nusu na robo yake inahamia sentimita 8.1, kwahiyo kila noti ina mahali pake pa kimya.

Sasa ndio tuje kwenye nyuzi zenyewe. Uzi wa sita unatikisika mara 82 kwa sekunde, wa kwanza mara 330, mmoja mnene umezungushiwa waya mwingine juu, mwingine mwembamba mtupu. Kwanini zote sita zisikilizwe kutoka mstari mmoja? Wenzetu Marekani waliliona zamani, Stratocaster ya mwaka 1954 pikapu ya darajani ilikaa mshazari, upande wa nyuzi nyembamba uko karibu na daraja na upande wa nene uko mbali kidogo. Na gitaa la besi la Precision mwaka 1957 likapewa pikapu iliyokatwa nusu mbili, nusu ya nyuzi nene iko upande wa shingo, ya nyuzi nyembamba upande wa daraja. Lakini Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa maarufu wa Marekani, alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, akalichukua gitaa la mkono wa kulia akaligeuza juu chini, mshazari nao ukageuka, nyuzi nene zikasikilizwa karibu na daraja.

Nikasema hebu nifuate njia hiyo ya kugeuza, maana malalamiko ya kwaya zetu ndio hayo hayo, nene zinavuma nyembamba zinachoma. Nikachukua pikapu mbili za bei rahisi, zile ambazo katikati zina vijiti sita vya chuma na chini zimegundishwa sumaku moja nyeusi. Nikasukuma nje vijiti vitatu kwenye kila moja kwa msumari uliokatwa ncha, pole pole maana waya ukikatika ndio basi, sumaku nayo nikaivunja nusu kwa koleo, inakatika kama kigae cha chungu. Pikapu moja ikabaki inasikia nyuzi tatu nene tu na nyingine nyembamba tatu, japo kidogo zinaibiana. Ya nene nikaiweka sentimita 4 kutoka darajani, ya nyembamba sentimita 7. Halafu nikageuza nyaya za pikapu moja kabla ya kuziunganisha, kwahiyo ule mvumo wa umeme unaoingia kwenye koili zote mbili, yaani ule waya uliozungushwa wa kila pikapu, ukapungua sana, na nyuzi hazikuathirika kwa sababu kila koili ina nyuzi zake.

Mhariri, uzi wa sita ukaongea. Noti moja moja, unasikia hata kidole kinavyoachia. Na uzi wa kwanza ukawa mviringo, mtamu, nikapiga solo za zile dansi za kina Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz nikajikuta nacheka peke yangu kibandani. Gitaa hilo sasa liko kwenye kwaya moja mjini, kanisa la bati, na mpiga gitaa ni kijana yule yule aliyekuwa anaambiwa hajui.

Na ushauri mwingine wa haraka, acheni kupandisha pikapu mpaka iguse nyuzi mkidhani mnaongeza sauti, sumaku inauvuta uzi mnene na gitaa linakataa kukaa kwenye tyuni. Bonyeza freti ya mwisho, acha kama milimita 3 kati ya uzi na pikapu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya sio mageni Ugogo. Wazee wanaotengeneza zeze na ilimba, ile marimba ya kupiga kwa vidole gumba, wanajua kuhangaika na mahali pa kitu, utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu la ilimba haubandikwi popote, na marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo na mtoto wa mkoa huu, alichukua zeze akaliongeza nyuzi akitafuta sauti anayoitaka mwenyewe. Tena watafiti wa muziki wameandika kwamba noti za nyimbo za Kigogo zinatokana na hizi hizi hamoniki, mpaka ya tisa. Sasa sisi wajukuu tukishika gitaa la dukani tunaogopa hata kufungua skrubu.

Ombi langu kwako ni dogo. Ukurasa wako wa burudani kila wiki unaandika nani katoa wimbo na nani kagombana na nani. Tupe hata robo ukurasa mara moja kwa mwezi, mafundi wa magitaa, wa ngoma, wa zeze, tuandike tunavyofanya na vipimo vyake, kijana wa Kondoa au Mpwapwa asome ajaribu bila kununua seti tatu za nyuzi kama mimi. Vipimo vyangu vyote nimeviandika kwenye daftari na nitavitoa bure. Kwa sasa nimeanza na gitaa la besi, nyuzi nne, kila uzi na kijipikapu chake, mbili za kwanza zimeshakaa na ya tatu waya umekatika leo asubuhi, nazungusha upya.

Fundi magitaa,
Chang'ombe, Dodoma