Taketomi si kisiwa cha saa mbili

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu visiwa vya kusini kabisa mwa Japani ilikuwa nzuri, lakini ratiba iliyochapishwa pembeni yake ina kosa ambalo halifai kuachwa lipite. Taketomi imepewa saa mbili: boti ya asubuhi kutoka kisiwa jirani cha Ishigaki, mkokoteni wa nyati, picha mbili tatu, boti ya kurudi. Ni kweli kwamba wageni wengi hufanya hivyo. Ndiyo maana wengi hurudi wakisema ni pazuri ila pamejaa watu. Anayetafuta siku ya utulivu alale huko walau usiku mmoja, kwa sababu utulivu wa Taketomi huanza boti ya mwisho ikishaondoka gatini.

Tazama hesabu. Kisiwa kina kilomita za mraba 5 na nusu hivi, mzunguko wake kama kilomita 9, na wakazi wake ni mia tatu na kidogo. Kabla ya mwaka 2020 kilikuwa kikipokea karibu wageni nusu milioni kwa mwaka. Ukigawa kwa siku 365 unapata zaidi ya 1,300 kila siku, yaani wageni wanne kwa mwenyeji mmoja, na karibu wote hukaa kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 alasiri. Nyumba za kulala wageni ni chache na ndogo, kwa hiyo jioni vichochoro vinarudi kwa wenyewe.

Halafu kuna suala la jua. Visiwa vya Yaeyama, Taketomi ikiwemo, viko mbali magharibi kuliko sehemu kubwa ya Japani lakini vinatumia saa ileile ya Tokyo, hivyo jua lao huchelewa. Mwezi Juni huchomoza karibu saa 12 asubuhi na kutua saa 1:30 usiku. Desemba huchomoza saa 1:20 na kutua karibu saa 12 jioni. Boti ya mwisho kurudi Ishigaki huondoka kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Kwa hiyo mgeni wa kutwa haoni machweo ya Taketomi, awe amekwenda masika au kiangazi, na machweo hayo ndiyo saa bora ya kisiwa kizima.

Kulala kunahitaji mpango. Weka chumba kwanza, ndipo ukate tiketi ya ndege ya kwenda Ishigaki. Nyumba za wageni za kifamilia, zinazoitwa minshuku, zina vyumba vya mikeka, bafu la kushirikiana, na bei yake kwa kawaida huhesabu chakula cha jioni na cha asubuhi. Usikatae hicho chakula kwa kutaka kupunguza gharama. Kisiwani hakuna supamaketi, migahawa mingi hufunga baada ya mchana, na ile michache inayofungua usiku hujaa mapema. Chakula cha jioni huandaliwa saa maalumu, mara nyingi kati ya saa 12 na saa 1, na mwenye nyumba hapiki mara ya pili kwa aliyechelewa ufukweni. Uliza saa hiyo unapofika, kisha upange machweo yako kwa kuifuata.

Beba fedha taslimu. Mashine ya kutolea pesa ipo posta peke yake, nayo ina saa zake za kufanya kazi. Kuna pia mchango wa kuingia kisiwani, yeni 300, ulioanza Septemba 2019. Unalipwa kwenye mashine katika kituo cha boti, na ni wa hiari. Hakuna mlinzi wa kukuzuia ukipita bila kulipa. Lipa hata hivyo. Fedha hizo zinatunza mazingira na kukomboa ardhi iliyowahi kuuzwa kwa watu wa nje. Mwaka 1971 ukame mkali na kimbunga viliwachosha wakulima, na makampuni kutoka bara yakaja kununua mashamba. Wenyeji walipambana, na mwaka 1986 wakaandika mkataba wao wa kisiwa: tusiuze, tusichafue, tusivuruge, tusibomoe, tutumie tulichonacho kwa faida. Mwaka uliofuata kijiji kiliwekwa chini ya hifadhi ya taifa ya majengo ya jadi. Mnachokipiga picha leo kimebaki kwa sababu hiyo.

Kutoka Ishigaki boti huchukua dakika 10 hadi 15, na maji huwa shwari kwa kuwa njia yote iko ndani ya miamba ya matumbawe. Gati liko kaskazini mashariki, na kijiji kiko katikati: mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu. Wenye nyumba za wageni huja na gari dogo kukuchukua ukiwaambia mapema unapanda boti ipi. Ukiacha kusema utabaki gatini unaangalia magari ya wenzako yakiondoka.

Sasa siku yenyewe. Amka alfajiri. Njia za kijijini zimemwagwa mchanga mweupe wa matumbawe, na asubuhi wenyeji hutoka na mafagio, kila mmoja akafagia mbele ya nyumba yake. Ufagio huacha mistari kwenye mchanga, na kwa muda kabla boti ya kwanza haijafika mistari hiyo haina unyayo hata mmoja. Pita pembeni, na kama una baiskeli, shuka uisukume mpaka umpite anayefagia. Wazee wa huko hutoa sababu ya mchanga huo: usiku wa mbalamwezi nyoka wa sumu aitwaye habu huonekana akikatiza. Ukitembea usiku chukua tochi hata hivyo, na usikanyage majani ya kandokando.

Kuta ndizo za kutazamwa polepole. Zimepangwa kwa mawe ya matumbawe, jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji. Wenyewe huziita gukku. Upepo wa kimbunga hupenya katika nyufa zake badala ya kuusukuma ukuta mzima. Chungulia langoni, bila kuingia, utakuta kiambaza kifupi kimesimama mbele ya nyumba, kimeziba njia ya moja kwa moja. Hicho ni hinpun: humzuia mpita njia asione ndani, na kwa imani yao huzuia pia mashetani. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi, maana nyumba za mawe za kwao nazo humpitisha mgeni dakani na tekani, akate kona ndipo afike uani. Juu ya paa vigae vyekundu vimeshikwa kwa chokaa nyeupe, na kwa jadi chokaa hiyo ilitoka kwenye matumbawe yaliyochomwa, ikachanganywa na majani makavu ya mpunga. Shisa, wale wanyama wenye sura ya simba wanaokodoa macho kutoka paani, walifinyangwa na waezekaji wenyewe kwa vigae na chokaa iliyobaki. Ndiyo maana hakuna wawili wanaofanana.

Kwenye kuta hizo hutambaa mmea wenye vitunda vyekundu vyembamba kama kidole cha mtoto. Ni pilipili ndefu, ndugu wa pilipili manga, na huko Yaeyama huitwa pipachi. Hukaushwa, ikasagwa na kunyunyizwa juu ya soba ya Yaeyama, tambi za mviringo zenye mchuzi mwepesi. Hapa msomaji Mwislamu aangalie: kuondoa vipande vya nyama hakutoshi, kwani mchuzi wenyewe kwa kawaida hutokana na mifupa ya nguruwe. Mwambie mwenye nyumba siku kadhaa kabla kwamba huli nguruwe wala mchuzi wake, na kwamba hutumii pombe ya kupikia. Ukisema ukiwa mezani umechelewa. Samaki wapo, na kamba wa kisiwani ni wazuri sana, hufugwa hapohapo.

Baada ya kifungua kinywa wageni wa kutwa wanaanza kuingia, na huo ndio wakati wako wa kwenda pwani. Baiskeli inatosha, na kisiwa ni tambarare. Tatizo ni mchanga: kwenye kona hurundikana, gurudumu la mbele likizama linakata upande, na wengi huanguka kwa kubana breki ya mbele hapohapo. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Uliza pia duka la kukodi linafunga saa ngapi; kawaida ni mapema kuliko machweo.

Ufukwe wa Kondoi, upande wa magharibi, ni wa kuogelea, wenye choo na bomba la kujisafishia. Watu hukosea kwa kwenda bila kuangalia maji. Bahari ya huko haipandi na kushuka kama ya Unguja, lakini chini ya Kondoi ni tambarare mno, kiasi kwamba siku za bamvua maji yakitoka unatembea mbali sana na bado yako vifundoni, na fungu la mchanga linaibuka mbele yako. Ni raha ya kutembea, si ya kuogelea. Anayetaka kuogelea aende karibu na maji kujaa. Jedwali la Ishigaki hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Japani na linapatikana kwenye intaneti. Kati ya Juni na Septemba kuna konyeza, yaani kiwavi wa baharini, mwenye sumu kali, yule wa umbo la sanduku. Vaa nguo ya mikono mirefu ya kuogelea. Akikugusa usisugue: mwagia siki, toa nyuzi zake taratibu, kisha utafute msaada.

Kusini kidogo ni Kaiji, ufukwe wa mchanga wa nyota. Usiogelee huko, mkondo una nguvu. Kaa kivulini, bonyeza kiganja juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, kiinue ukilete karibu na jicho. Nyingi ni punje za kawaida. Katikati yake utaona moja, pengine mbili, zenye miiba mitano au sita, ukubwa wa milimita 1 au 2. Ni maganda ya viumbe wa chembe moja wanaoishi wameshikilia mwani kwenye maji mafupi ya mwambani. Wakifa maganda huletwa na mawimbi. Yenye miiba kamili ni mageni ufukweni. Yaliyosuguliwa kwa muda mrefu huwa vidonge tu. Kisha kung'uta kiganja palepale. Chupa za kubebea mchanga muachie muuza duka.

Mkokoteni wa nyati sina mengi ya kusema juu yake. Nyati hawa wa kufugwa waliletwa Yaeyama na walowezi kutoka Taiwan katika miaka ya 1930, safari ni kama nusu saa, na mwongozaji hupiga sanshin, kinanda cha nyuzi tatu, akiimba habari za Kuyama, mwanamke wa kisiwa hiki wa karne ya 18 aliyemkataa ofisa wa serikali. Kinachostahili kutazamwa ni nyati anavyokata kona: anapitiliza kidogo, anasubiri mkokoteni ufike, ndipo anageuka, bila kuguswa kamba.

Vichaka vyenye lango la mawe au la mbao si bustani. Ni utaki, mahali pa ibada. Usivuke lango.

Jioni nenda gati la zamani la magharibi, Nishi Sanbashi, lililojengwa mwaka 1938. Taketomi haina mto, na maji ya bomba huvushwa chini ya bahari kutoka Ishigaki. Kwa kukosa mto, zamani mpunga ulilimwa Iriomote, kisiwa cha ng'ambo, na wakulima walivuka kwa mitumbwi. Jua hutua upande huohuo. Fika nusu saa kabla, keti kwenye sakafu ya gati, usining'inize begi.

Usiondoke mara moja. Hifadhi ya Taifa ya Iriomote-Ishigaki ilitambuliwa mwaka 2018 kuwa eneo la kimataifa la anga la giza, la kwanza Japani. Mwezi Mei, kati ya saa 3 na saa 5 usiku, Msalaba wa Kusini husimama wima, na nyota yake ya chini iko juu ya bahari kwa upana wa vidole viwili vya mkono ulionyooshwa. Dar es Salaam nyota hiyohiyo hufika ngumi tatu na zaidi. Kuanzia Novemba hadi Machi hutawala kilimia, na hapa tunakutana nao kabisa. Sisi tunasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wao waliweka jiwe la kutazamia nyota ili wajue kwa kilimia hichohicho majira ya kupanda. Sherehe ya upandaji, Tanadui, bado hufanyika kila mwaka Oktoba au Novemba, na siku hizo vyumba vyote huwa vimejaa.

Kwa majira, Machi na Aprili ni nzuri, na Novemba nje ya sherehe. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi karibu mwisho wa Juni. Julai hadi Oktoba ni ya vimbunga, na boti husimama hata siku mbili tatu. Msomaji atakayekwenda wakati huo asiweke ndege ya kurudi Naha au Tokyo siku ileile anayotoka Taketomi. Aache siku nzima Ishigaki katikati, na dawa zake za kila siku azibebe za ziada.

Msomaji wenu,
Tanga