YAH: MALALAMIKO KUHUSU GAME BOY ADVANCE SP ILIYOTUMIKA, ISIYOLINGANA NA TANGAZO

Ngamiani,
Tanga.

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua kwenu Game Boy Advance SP iliyotumika, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, kwa shilingi 320,000, mkanitumia kwa basi hadi hapa Tanga, na ninaandika kwa sababu kifaa nilichopokea sicho mlichonitangazia.

Sikutarajia kitu kipya. Nintendo ilitoa kifaa hiki mwaka 2003, hivyo mikwaruzo ni jambo la kawaida, na wala silalamikii kukosekana kwa tundu la earphone, maana ndivyo kilivyotoka kiwandani. Nilipokifungua nilifurahi kwa kweli: bawaba imekaza vizuri, vitufe vinaitika, na kaseti ya gemu niliyoitunza tangu utotoni ilisoma bila kusumbua.

Tatizo ni kioo. Tangazo lenu lilisema ni AGS-101, yaani toleo la mwaka 2005 ambalo taa yake iko nyuma ya kioo na rangi zake zimekolea, na ndiyo maana nilikubali kulipa zaidi ya bei ya AGS-001, toleo la kwanza, ambayo taa yake humulika kwa mbele na kuzipausha rangi. Lebo ya mgongoni imeandikwa AGS-101. Hata hivyo, nilipobonyeza kitufe kidogo cha taa kilicho karibu na bawaba, taa ilizimika kabisa, ikanibidi nisogee dirishani ndipo nione kitu. AGS-101 halisi haifanyi hivyo. Kitufe hicho huongeza na kupunguza mwanga tu, hakizimi taa. Tena kasha limefungwa kwa skrubu za kawaida za nyota, wakati zile za kiwandani zina mikato mitatu. Ni dhahiri kwamba kasha lilibadilishwa, na lebo ikaja na kasha hilo. Awe ni fundi wenu aliyelibadilisha au mtu aliyewauzia, mimi nimelipia AGS-101.

Jambo la pili ni la hatari. Chaja mliyoiweka kwenye boksi imeandikwa kuwa inapokea volti 120, kwa umeme wa Marekani, ilhali umeme wetu ni wa volti 230. Niliyasoma maandishi hayo kabla ya kuichomeka, lakini mzazi anayemnunulia mwanawe zawadi huenda asiyasome, na chaja hiyo inaweza kuungua ikiwa ukutani. Nawaomba sana msimtumie mtu mwingine chaja ya namna hiyo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na kuwa mtumba hakuiondolei bidhaa sharti hilo. Kwa hiyo naomba mnitumie AGS-101 halisi pamoja na chaja inayofaa umeme wa hapa nchini, au mnirudishie fedha zangu zote pamoja na nauli ya mzigo, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipopata jibu, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha nakala ya risiti, nakala ya tangazo lenu, na picha za lebo, skrubu na chaja. Kifaa ninacho, nimekifunga katika boksi lake, na niko tayari kukirudisha mara tu mtakapothibitisha kwamba gharama ya kukisafirisha ni yenu.

Wako,
Mteja wenu, Tanga.