Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Mtawa Mweusi wa Moret

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kujumuika nasi. Muhula huu klabu yetu imejifunza habari za mtu mmoja tu, naye ni Louise Marie-Thérèse, mtawa Mbenediktini aliyeishi Moret-sur-Loing, karibu na kasri la Fontainebleau nchini Ufaransa, zama za Mfalme Louis wa 14.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, picha uliyoiona ukutani ulipoingia ni nakala ya mchoro wake unaohifadhiwa katika maktaba ya Sainte-Geneviève mjini Paris. Uso ni mweusi kama nyuso zetu, umezungukwa na kitambaa cheupe cha kitawa, na juu yake ni shela nyeusi. Siku mwalimu wetu alipoibandika, darasa zima lilinyamaza, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba katika Ufaransa ya enzi hizo aliishi sista wa sura hiyo, sembuse sista aliyetembelewa na malkia.

Saint-Simon, mwandishi wa kumbukumbu za maisha ya ikulu, anaeleza kwamba Malkia Marie-Thérèse aliwahi kwenda kumwona na kuitunza monasteri yake, na kwamba baada yake jukumu hilo lilishikwa na Madame de Maintenon, mke wa pili wa mfalme. Mwaka 1695 mfalme alimwandikia posho ya livre 300, yaani fedha ya Ufaransa ya wakati huo. Basi watu wakauliza, na wanauliza hadi leo: huyu ni binti wa nani? Wako waliodai kwamba ni mtoto ambaye malkia alimzaa na mwanamume Mwafrika, aliyezaliwa njiti tarehe 16 Novemba 1664 na kutangazwa kuwa amefariki tarehe 26 Desemba mwaka huohuo. Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa aliyemwona kwa macho yake, aliona amefanana na mfalme. Wengine wanasema alizaliwa na watumishi Waafrika wa ikulu, mfalme na malkia wakawa wasimamizi wake wa ubatizo, ndiyo maana akaitwa kwa majina yao yote mawili.

Sisi tunaelemea upande wa maelezo haya ya mwisho. Malkia wa Ufaransa alijifungua mbele ya mashahidi wengi, na mtoto njiti aliyekosa hewa ya kutosha huweza kuonekana mweusi bila kuwa na baba mwingine. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliamini vingine, na hapo ndipo tulipokaa kwa wiki kadhaa. Imeandikwa kwamba siku moja aliposikia mrithi wa ufalme akiwinda msituni, alisema bila wasiwasi kwamba ni kaka yake anayewinda. Voltaire anasimulia kwamba Madame de Maintenon alifunga safari hadi Moret kumsihi aache madai hayo, naye akamjibu kwamba bibi mwenye cheo kikubwa namna hiyo kujisumbua kuja kumwambia kuwa si binti wa mfalme ndiko kunakomhakikishia kuwa ni binti wa mfalme. Tulilisoma jibu hilo mara tatu kwa sauti. Hayo si maneno ya mtu aliyefichwa akakubali kufichika.

Wenzetu wanaotoka Songea, waliozoea kuwaona Wabenediktini wa Peramiho, walitueleza kuhusu Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo ndiyo iliyoongoza pia nyumba ya Moret. Sura ya 2 inakataza mtu aliyezaliwa huru kutangulizwa mbele ya aliyetoka utumwani kwa sababu ya uzawa wake. Sura ya 63 inaagiza kila mtu akae katika nafasi yake kwa kufuata wakati alipoingia, kiasi kwamba aliyefika saa ya pili ya mchana ajue kuwa ni mdogo kwa aliyefika saa ya kwanza, hata awe na umri au cheo gani. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, ukoo wa kifalme usingemsogeza mbele hata kiti kimoja, na rangi yake isingemrudisha nyuma. Lakini Saint-Simon anasema aliheshimiwa humo kuliko mtu yeyote mwenye jina. Tunaamini aliishi kati ya mizani hizo mbili kila siku, kila kengele ya sala ilipolia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika maktaba hiyohiyo yenye mchoro wake lilikutwa jalada lililoandikwa kwamba lina karatasi zinazohusu Mwafrika huyo, binti wa Louis wa 14. Lilipofunguliwa, halikuwa na kitu ndani.

Jalada hilo ndilo lililotufanya tuanze kuwahoji bibi zetu na kuandika majina ya wazazi wao na mahali walikozaliwa. Hadi sasa daftari hizo zimo ndani ya maboksi sakafuni, na mvua za masika zilikwisha kuloanisha mawili. Kwa heshima na taadhima, tunakuomba utusaidie kupata kabati moja la chuma lenye kufuli, pamoja na mafaili ya kuzipanga.

Tunaomba kuwasilisha.