Achi, usiandike hiyo barua kabla hujasoma hii

Achi dada, sasa? Mama anaendeleaje na ile mguu, na kale kajamaa kameacha kukohoa? Sisi huku Umoja tuko, mvua imetuchapa wiki nzima lakini tuko.

Nakuandikia kwa sababu jana simu ilikatika tukiwa Pangani, makanga anapiga mayowe hata sijisikii, na kitu ya mwisho niliyosikia ni ukisema Ijumaa unawapatia barua ya kuacha kazi, Jumatatu uko kwa kazi mpya, na zile siku zako 23 za livu, likizo hujaenda, ndizo zitalipia notisi. Nikapiga tena mteja. Sijalala vizuri, aki. Nimeamka saa kumi na moja nikasema wacha nikuandikie yote, uisome pole pole ukiwa umekaa.

Hiyo hesabu yako ndiyo inanisumbua. Notisi ni kitu moja na livu ni kitu ingine. Sheria ya Ajira ya 2007 hapa Kenya inasema mtu analipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, kwa maandishi, na kontrakti yako inaweza kuwa imeweka zaidi, kwa hivyo itoe kwa folda uangalie kabla ya kitu ingine yoyote. Ukitoka tu Ijumaa bila notisi, wao pia wana haki ya kudai pesa ya huo muda hujafanya, yaani mshahara wa mwezi. Sasa piga hesabu. Wewe unafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, siku 26 kwa mwezi. Livu yako ni siku 23. Hao wakichukua mwezi mzima, livu yote imeisha na bado wanakudai siku 3! Miaka yote hiyo umekaa hapo, likizo umejinyima, halafu utoke ukiwa na deni. Hapana. Siwezi kunyamaza nikiona hiyo.

Mimi sikatai kwamba inaweza kufanyika. Kuna watu huongea na bosi wakakubaliana siku za livu ziingie kwa notisi, mtu akaenda mapema na hakuna mtu anadai mwingine. Lakini hiyo ni makubaliano, lazima iandikwe na wao waweke sahihi, isiwe ati meneja alikuambia kwa koridoa "hakuna shida, enda tu." Huyo huyo wa hakuna shida ndiye hatakumbuka kitu siku ya kulipwa.

Na wakisoma barua yako wakakuambia wenyewe toka leo, hatukuhitaji tena mpaka mwezi uishe, hapo ni wao wamekusamehe notisi na wanapaswa kukulipa hizo siku zilizobaki, labda mkubaliane vingine. Kwa hivyo wakisema hivyo usifurahi ukakimbia. Waambie waandike.

Wacha nikuambie yangu vizuri, maana najua Shiro alikupatia nusu tu. Nilipeana notisi mwisho wa Machi, nikafanya Aprili yote mpaka siku ya mwisho. Barua niliprinti mbili. Nikaenda nayo mapokezi, yule dada akaniuliza, "Hiyo ingine ni ya nini?" Nikamwambia ni yangu, nipigie muhuri pia. Akapiga, kumbe tarehe ya muhuri ilikuwa imekwama Februari, ile gurudumu ndogo ya mwezi haizunguki. Nikakataa kuondoka. Akakata Februari na kalamu, akaandika Machi, akaweka sahihi yake hapo kando. Watu nyuma yangu kwa foleni walikuwa wananung'unika, nikawaacha wanung'unike. Hiyo karatasi yenye wino imesambaa ndiyo ilinisaidia, kwa sababu kwa faili yao ilionekana nimepeana notisi katikati ya Aprili. Sijui hiyo tarehe ilitoka wapi.

Sasa livu. Nilikuwa na siku 12 za mwaka uliopita, na za mwaka huu miezi minne. Kwa sheria ni siku 21 za kazi kwa mwaka, ndio maana ukitoka katikati unahesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi umemaliza, ukishafanya angalau miezi miwili ya huo mwaka. Mara nne ni 7. Jumla 19. HR, wale wa mambo ya wafanyakazi, wakaniletea karatasi imeandikwa 7. Nikauliza hizo 12 ziko wapi, nikaambiwa zimekufa, ati sera ya kampuni ni ukifika Machi hujaenda zinafutwa. Achi, niliskia joto mpaka kwa masikio. Hizo siku 12 niliziomba Novemba! Kwa imeili! Na msimamizi akanijibu, kwa imeili hiyo hiyo, "Disemba tuna kazi nyingi, ngoja mwaka mpya." Januari nikaomba tena, hakujibu. Unawezaje kumnyima mtu chakula halafu umwambie kimelala kwa hivyo unamwaga? Na hiyo sheria yenyewe inasema zile siku za kubaki zichukuliwe ndani ya miezi 18 baada ya mwaka wa livu kuisha, hatukuwa hata tumekaribia.

Bahati nilikuwa nimeprinti hizo imeili kabla wachukue laptopu. Hapo ndipo nakuomba sana, Achi. Kabla ya siku unapeleka barua, uwe umeshaweka kila kitu kwako: fomu za livu, zile walikataa na zile walikubali, pesilipu, na picha ya pale kwa sistemu inaonyesha siku zako zimebaki ngapi. Ukishapeana barua wanaweza kukufungia imeili saa hiyo hiyo. Mama Kevo alifungiwa akiwa bado anaandika.

Nilirudi na karatasi zangu mara tatu. Mara ya tatu nikawaambia kwa upole tu kwamba kutoka hapo naenda ofisi ya leba, na wiki iliyofuata 12 zikafufuka. Walilipa zote 19, wakakata kodi, sawa, hiyo inakatwa kama mshahara. Lakini waligawanya mshahara kwa 30. 52,000 kwa 30 mara 19 ni 32,933. Mimi nasema siku za livu ni siku za kazi, kwa hivyo ugawanye kwa siku za kazi, 26, ambayo ni 2,000 kwa siku, jumla 38,000. Hiyo tofauti ya 5,067 bado nawaandikia. Nitaendelea kuwaandikia. Ni pesa ya unga na fee ya mtoto, na niliifanyia kazi. Wewe waulize mapema wanagawanya kwa ngapi.

Na cheti cha kazi usisahau, hicho ni haki yako hata kama mmeachana vibaya.

Kwa hivyo nirudie pale nilianza: usitoke Ijumaa. Ongea na hao wa kazi mpya, waambie ukweli kwamba una notisi, omba hata wiki mbili, halafu uende kwa bosi wako uombe livu ziingie kwa hizo wiki zingine, kwa maandishi. Mwajiri akikuona unaheshimu notisi ya mahali unatoka atajua na yeye hutamtoroka. Na kwa barua yenyewe weka tarehe ya siku yako ya mwisho na uandike wazi, "nina siku 23 za likizo ambazo sijachukua." Usiwaachie wao wahesabu.

Sasa niambie. Kontrakti yako inasema notisi ya mwezi moja ama zaidi? Hizo 23 ni za mwaka huu pekee ama kuna za zamani ndani? Ulishawahi kukataliwa livu, na iliandikwa ama ilikuwa mdomo tu? Hao wa kazi mpya wamekupa barua yenye sahihi ama bado ni maneno ya simu? Na bosi wako anajua chochote, ama ni Oti pekee umeambia?

Jumapili niko nyumbani kutoka saa nane. Kuja na hiyo folda yote, tuandike barua pamoja. Nitapika matumbo.

Dadako,
Njeri