Shukrani kwa fundi wa Changamwe

Kaka yangu wa Changamwe, sikukuuliza jina na najuta. Kumwaga oili ya hili gari langu la porini kulikuwa adhabu: kwanza nifungue bamba la chuma chini ya injini, bolti sita zilizoliwa na chumvi ya bahari, halafu oili inirukie hadi kwapani. Wewe ukatoboa tundu kwenye bamba, ukatoa nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukafunga mahali pake koki fupi yenye klipu ya kuzuia kishikio. Imejificha juu ya bamba, mawe hayaifikii. Sasa nachomeka mpira, nageuza, oili yateremka dumuni. Na pesa ya chai ukakataa! Mola akujazi. Mke wangu, mfuaji wa mashati yale, akushukuru kunishinda.